UZI: Stroberi, forosadi, nathi na karakara kwenye ndoo, magunia na vibaraza: udongo, maji, joto na magonjwa

#1 KibarazaKijani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Majibu kuhusu stroberi za kwenye ndoo yametapakaa kila mahali na mengine yanagongana, kwa hiyo tuyakusanye hapa. Ombi langu ni moja: ukiandika, taja kipimo. "Maji kiasi" na "mbolea kidogo" havimsaidii anayeanza.

Mambo mawili uyajue kabla hujanunua mche: joto la usiku la mahali ulipo, na maji yako yanatoka wapi. Hayo ndiyo yanayoua miche mingi, kuliko ufinyu wa nafasi.

Stroberi inapenda mchana wa nyuzi 18 hadi 25 na usiku wa ubaridi. Lushoto, Arusha, Iringa, Mbeya, Njombe, Nairobi, Limuru, huko inajiendea yenyewe. Usiku ukikaa juu ya nyuzi 20 wiki baada ya wiki, mche utakupa majani mazuri na vitambaazi virefu (mashina membamba yanayotambaa na kutoa vitoto), maua hakuna. Hapo usilaumu mbolea.

Kuhusu aina: Chandler na Camarosa, zilizotoka Chuo Kikuu cha California, ni za siku fupi, yaani huchanua mchana ukiwa mfupi. Albion na San Andreas, nazo za chuo hicho hicho, hazijali urefu wa siku. Kwetu karibu na ikweta mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo hata Chandler huchanua miezi mingi nyanda za juu. Kinachoamua ni joto. Ukiweza kuchagua, changanya miche ya aina mbili.

Chombo: ndoo ya lita 20. Toboa matundu 8 ya milimita 10, manne kwenye kitako cha ndoo na manne ubavuni, sentimita 2 kutoka chini, ili ndoo ikikaa kwenye sakafu bapa maji yasizibwe. Panda miche mitatu. Watu wanapanda mitano au sita, majani yanabanana, hewa haipiti na ukungu unaingia kwenye matunda.

Mchanganyiko wa udongo kwa ujazo: udongo mweusi wa juu sehemu 2, mboji iliyooza na kuchekechwa sehemu 1, mchanga wa mto wenye chembe kubwa sehemu 1. Samadi ya kuku mbichi usiiguse; ina chumvi na amonia, inachoma mizizi ya stroberi ndani ya siku chache. Samadi ya ng'ombe iwe imekaa miezi mitatu na zaidi, na ichekeche utoe mabuu meupe manene yenye kichwa cha kahawia. Yale yanakula mizizi, nawe utadhani mche una kiu.

Kupanda: mche wa stroberi una shina fupi nene kati ya mizizi na majani. Tuliite kitovu. Kitovu kikae usawa wa udongo kabisa. Ukikifukia kinaoza, ukikiacha juu mizizi inakauka. Mizizi mirefu ikate ibaki sentimita 10, itawanye kama vidole, usiikunje. Panda jioni, weka kivuli siku 5 hadi 7.

Maua ya wiki 5 za kwanza yatoe yote. Inauma kuyatoa, lakini mche uliozaa ukiwa mdogo unabaki umedumaa. Baada ya hapo, tangu ua kufunguka hadi tunda kuiva ni siku 28 hadi 30 hivi kwenye ubaridi, pungufu kidogo kwenye joto.

#2 NdooLita20

Shukrani mkuu. Naongeza: chini ya ndoo weka kokoto sentimita 5 ili maji yashuke haraka, ndipo ujaze udongo.

#3 Mbegu_na_Udongo

Ndugu NdooLita20, hilo la kokoto limeenea sana, ila ndani ya chombo linafanya kinyume cha unachotaka. Maji hayatoki kwenye udongo wenye vinyweleo vidogo na kuingia kwenye kokoto zenye nafasi kubwa mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa. Lile tabaka la matope ambalo lingekaa chini ya ndoo sasa linakaa sentimita 5 juu zaidi, karibu na mizizi. Umepunguza kina cha udongo wako, na unyevu uliodhuru umebaki palepale.

Ukitaka maji yashuke, rekebisha udongo wenyewe. Kipimo cha haraka: jaza kopo la lita 1 lililotobolewa, mwagia nusu lita. Maji yakisimama juu zaidi ya dakika moja, ongeza mchanga au pumba za mpunga zilizochomwa. Pumba ziwe nyeusi, zisiwe jivu jeupe, kwa sababu jivu hupandisha pH (kipimo cha uchachu wa udongo; ikipanda, uchachu unapungua) na stroberi inataka 5.5 hadi 6.5. Kwa sababu hiyo hiyo, majivu ya jikoni yasimwagwe kwenye stroberi hata kama yanafanya kazi nzuri kwenye sukuma wiki.

Kwenye matundu weka kipande cha wavu wa dirisha tu, kuzuia udongo kumwagika na sisimizi kuingia.

#4 Shangazi_Bustani

Wanangu wa ghorofani, kabla hamjapanga ndoo kumi barazani, fanyeni hesabu ya uzito. Ndoo ya lita 20 yenye udongo wa kawaida uliolowa ina kilo 30 hadi 35. Gunia la lita 80 linavuka kilo 120. Kibaraza kinachoning'inia bila nguzo kisibebeshwe ukingoni. Vyombo vizito vikae kando ya ukuta wa nyumba, na magunia yabaki chini uwanjani.

Kwa ghorofa, badilisha mchanganyiko: vumbi la makumbi ya nazi sehemu 2, mboji 1, udongo 1. Ndoo inashuka mpaka kilo 20 na kitu. Lakini vumbi la makumbi lina sharti lake, hasa huku pwani. Makumbi ya kusokotea kamba hufukiwa ufukweni kwenye maji ya bahari miezi kadhaa, na vumbi linalotokana nayo limejaa chumvi. Loweka kwenye maji baridi, kamua, mwaga, rudia mara tatu. Ukipata naitreti ya kalsiamu, loweka mara ya mwisho usiku kucha kwenye maji yenye gramu 2 kwa lita, halafu suuza. Kalsiamu inaing'oa sodiamu iliyoshikamana na nyuzi, ambayo maji matupu hayaitoi yote.

Mchanga wa ufukweni ndio usiutumie kabisa.

#5 Tabata_Mjini

Wakuu, mimi niko Dar, maji ya kisima, kibaraza kinapata jua mpaka saa tano asubuhi. Miche ya stroberi kutoka Lushoto, majani ya chini yanakauka kingo na kuwa ya kahawia, katikati bado kijani. Namwagilia asubuhi na jioni. Je, ni ugonjwa?

#6 Mbegu_na_Udongo

Mkuu, hiyo ni chumvi. Ugonjwa wa ukungu hutia madoa yaliyotawanyika. Chumvi hukausha ukingo mzima, tena inaanza na majani makuukuu. Stroberi ni miongoni mwa mimea isiyovumilia chumvi kabisa. Maji yake yanatakiwa yasizidi 0.7 mS/cm kwenye kipimo cha EC (kinachopima chumvi ndani ya maji), na visima vingi vya pwani viko juu ya hapo. Kipimo cha mkononi cha EC kinauzwa maduka ya kilimo, na kinafaa kuliko chupa tatu za dawa.

Fanya hivi: kinga maji ya mvua, hata pipa moja. Chukua lita 40 kwa ndoo ya lita 20, zimimine polepole kwa saa moja, maji yatoke chini yote. Usiweke kisahani chini kinachoyarudisha. Rudia kila wiki 3 hadi 4. Siku za kawaida, unapomwagilia kwa maji ya kisima mwaga mpaka kiasi cha moja ya tano kitoke chini. Kumwagia kidogo kidogo mara mbili kwa siku ndiko kunakokusanya chumvi, kwa sababu maji yanapanda hewani na chumvi inabaki.

Na mbolea ya chumvichumvi simamisha mpaka majani mapya yatoke safi.

#7 Pwani_Forosadi

Pamoja na hayo, kwa Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, tuambiane ukweli: stroberi huku ni zao la kipupwe. Pata miche mwishoni mwa masika, mwezi wa tano, ichanue kati ya mwezi wa sita na wa tisa, ule ulichopata. Kuihangaikia ivuke kaskazi ni kuipa kivuli na maji miezi minne bila tunda. Ndoo nyeusi zifunge gunia au zipake rangi nyeupe. Jua la saa nane kwenye plastiki nyeusi linapika mizizi ya upande ule.

Tunda dogo la pwani ni forosadi. Mforosadi hauogopi joto, unazaa ndani ya pipa, na pingili unaipata bure kwa jirani. Utaratibu:

Chagua mti ambao umeuona ukizaa kwa macho yako, kwa kuwa iko miforosadi dume isiyozaa kamwe. Kata tawi lililokomaa, gome limegeuka kahawia, unene wa penseli. Pingili ziwe sentimita 20 hadi 25 zenye macho manne. Chini kata mshazari, juu kata bapa, ili usipande kichwa chini. Zamisha theluthi mbili kwenye mchanga na mboji nusu kwa nusu, kivulini. Majani yatatoka ndani ya wiki mbili, usidanganyike: hayo yanakula akiba ya tawi. Mizizi inahitaji wiki 4 hadi 6. Ukivuta taratibu na pingili ikakataa, imeshika.

Hamishia kwenye chombo cha lita 40 hadi 60. Nusu pipa la plastiki linafaa sana. Ukifika urefu wa mita 1 kata kilele, acha matawi 4 au 5.

Sasa siri ya kuvuna zaidi ya mara moja kwa mwaka: forosadi huzaa kwenye machipukizi mapya. Ukimaliza kuvuna, kata kila tawi libaki na macho matatu, pukutisha majani yote yaliyobaki kwa mkono, tia ndoo ndogo ya mboji juu, mwagilia. Machipukizi yanatoka na matunda yakiwa tayari yamebandikana kwapani mwa majani. Wiki 6 hadi 9 unakula tena. Unaweza kufanya hivyo mara mbili hadi tatu kwa mwaka ikiwa maji hayakatiki.

Tahadhari: usiupande ardhini karibu na karo, msingi au bomba la maji. Mizizi yake ina nguvu na inafuata unyevu. Na usiuweke karibu na kamba ya nguo, lile doa la zambarau halitoki kirahisi.

#8 Tabata_Mjini

Asante sana Mbegu_na_Udongo, asante Pwani_Forosadi. Pingili zikatwe msimu gani?

#9 Pwani_Forosadi

Wakati mti hauna matunda, na mvua imeanza au inakaribia. Mwanzo wa vuli au mwanzo wa masika. Pingili ya mwezi wa pili, kaskazi ikivuma, inakauka kabla haijatoa mzizi.

#10 MjukuuWaKiambu

Hamjambo wote. Nyanda za juu huku watu wanatumia magunia, wacha niandike vile inafanywa, kwa sababu wengi wanajaza udongo halafu wanamwagilia juu na miche ya chini inakufa kiu.

Chukua gunia la kilo 90. Kunja mdomo, weka udongo sentimita 20 chini. Katikati simamisha kopo la kilo 2 lililokatwa pande zote mbili, lijaze kokoto. Zunguka kopo na udongo, kanyaga kidogo kwa mkono, kisha vuta kopo juu, kokoto zibaki. Jaza tena kokoto, tena udongo, mpaka juu. Sasa una nguzo ya mawe katikati na maji yanashuka nayo hadi chini. Hapa kokoto ziko sawa kwa sababu zinasimama wima kama bomba, tofauti na zile za chini ya ndoo.

Acha siku 3 udongo ushuke, ongeza. Pasua matundu ya sentimita 6 kwa mpangilio wa kupishana, umbali wa sentimita 25, la kwanza sentimita 25 kutoka chini. Ukipasua yakiwa yamepangana wima, gunia linachanika. Ingiza mche kutoka nje, mizizi ielekee ndani na chini, kitovu kibaki nje ya gunia kabisa. Gunia moja linabeba miche 20 hadi 25. Maji lita 8 hadi 10 kila siku mbili wakati wa kiangazi, nusu kwenye mawe, nusu juu. Geuza upande mara moja kwa wiki kama jua linatoka upande mmoja, au usipande upande wa ukutani.

Bomba la plastiki la kusimama ni kazi zaidi. Inchi 4 ni nyembamba, udongo unakauka kabla ya jioni. Tumia inchi 6. Ndani pitisha bomba la nusu inchi lililozibwa chini, lenye matundu ya milimita 3, mengi juu na machache chini. Wengi wanatoboa sawasawa, halafu maji yote yanakimbilia chini, mche wa juu unanyauka na wa chini unaoza.

#11 Shangazi_Bustani

Mjukuu, umeeleza vizuri. Na ile nathi yenu hamjaitaja! Waganda wanaiita ntuntunu. Tunda la njano ndani ya ganda jepesi kama karatasi. Kwa eneo dogo ina faida kubwa: haihitaji mche wa kununua.

#12 MjukuuWaKiambu

Ni kweli Shangazi. Nathi ni rahisi lakini ina mambo matatu ya kuangalia.

Mbegu: ponda matunda mawili yaliyoiva sana kwenye kikombe cha maji, acha siku moja na nusu, mbegu nzuri zinazama, suuza, kausha kwenye karatasi kivulini. Otesha juu juu, funika na udongo milimita 3. Zinachukua siku 10 hadi 20. Hamisha zikifika sentimita 12, mche mmoja kwa ndoo ya lita 20, mti wa kuegemea mita 1.2. Kuvuna kunaanza miezi 3 hadi 4 baada ya kuhamisha.

Jambo la kwanza, hii ni ndugu ya nyanya. Usitumie udongo uliotoka kwenye nyanya, bilinganya, hoho au viazi, mnyauko wa bakteria utaipata. Ukiona mche unanyauka mchana udongo ukiwa na maji, kata shina karibu na ardhi, ning'iniza kipande ndani ya glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka ndani ya dakika chache, ni bakteria. Ng'oa, choma, na udongo huo usirudie kwa jamii hiyo.

Pili, samadi nyingi inakupa kichaka bila tunda. Mboji lita 4 ndani ya ndoo inatosha, halafu mbolea ya kukuzia usiweke mpaka uone maua.

Tatu, watoto. Tunda la kijani na majani yana sumu. Linaliwa likiwa la njano iliyokolea na ganda limekauka rangi ya nyasi kavu, mara nyingi limeshadondoka lenyewe. Liache ndani ya ganda, mahali pakavu, linakaa zaidi ya mwezi bila friji. Hakuna tunda dogo lingine kwenye huu uzi linaloweza hivyo.

#13 NdooLita20

Nimeelewa la kokoto, asanteni kwa kunisahihisha. Sasa mbolea ya stroberi ikoje? Hapa wengine wanasema NPK (mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potashi) kijiko kila wiki.

#14 KibarazaKijani

Kijiko kikavu juu ya udongo wa ndoo ni hatari, kinachoma upande kilipoangukia. Yeyusha. Gramu 1 ya NPK 17:17:17 kwa lita 1 ya maji. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 5 hivi, kwa hiyo kijiko kimoja kwa lita 5. Kila ndoo lita 1, kila siku 14, udongo ukiwa tayari umelowa. Matunda yakianza, badili kwa mbolea yenye potashi nyingi kuliko naitrojeni. Naitrojeni ikizidi tunda linakuwa kubwa, laini, halina utamu na linaoza mkononi.

Wiki katikati ya hizo, naitreti ya kalsiamu gramu 1 kwa lita. Dalili ya upungufu wake ni ncha za majani machanga kuungua na kukunjamana kabla hayajafunguka. Usichanganye na NPK kwenye chombo kimoja cha kuyeyushia. Kalsiamu inashikana na fosfeti na salfeti, unaona unga mweupe chini, na huo mmea haunywi.

Vitambaazi: kata vyote mche ukiwa unazaa. Ukitaka miche mipya, chagua mama mmoja mwenye afya, mwache atoe vitambaazi vitatu na umkate maua. Chukua kitoto cha kwanza na cha pili kwenye kila kitambaazi, kibane kwa waya uliokunjwa kwenye kikopo cha sentimita 10, na usikate ule uzi kwa wiki 3 hadi 4. Mama aliyezaa miaka miwili kwenye ndoo mwondoe.

#15 Dada_Sakina

Habari za humu. Matunda ya stroberi yangu yamepinda, upande mmoja umenona, mwingine mgumu umejaa mbegu zilizobanana. Nimesoma mahali kwamba ni virusi.

#16 Mbegu_na_Udongo

Dada, mara nyingi hiyo ni uchavushaji uliokosekana. Vile vijimbegu vya nje kila kimoja lazima kichavushwe ndipo nyama ya chini yake ivimbe. Upande ambao chavua haikufika unabaki mgumu. Kibaraza kikiwa na kioo au wavu, nyuki haingii. Chukua brashi laini ya rangi za maji, kati ya saa nne na saa nane mchana, zungusha taratibu juu ya kila ua lililofunguka, siku tatu mfululizo.

Kama ua lenyewe ukilipigia kwenye karatasi nyeupe unaona vijidudu vyembamba vya njano vinakimbia, hao ni vithiripi, nao huharibu tunda kwa namna inayofanana, na ngozi inakuwa ya shaba.

Hapo hapo nizungumzie wavu. Watu wanafunika stroberi kwa vyandarua vya zamani kuzuia ndege. Vyandarua vingi vilivyogawiwa vina dawa ya kuua wadudu iliyofumwa kwenye nyuzi. Inaua nyuki, na inagusa tunda unalokula bila kumenya. Usitumie. Nunua wavu wa ndege wa matundu ya sentimita 2, nyuki anapita, ndege hapiti. Uunyanyue juu ya fito, usilale juu ya majani.

#17 Dada_Sakina

Asante kaka. Nina wavu kweli, nitaanza na brashi. Na hao wadudu wekundu wadogo sana chini ya majani, wana utando?

#18 Mbegu_na_Udongo

Utitiri. Wanapenda joto, ukavu na vumbi, ndiyo maana kibaraza kilichoezekwa kinaathirika kuliko bustani inayonyeshewa. Siku tatu mfululizo, asubuhi, pulizia maji kwa nguvu chini ya majani. Hilo peke yake linapunguza wengi. Jioni ya siku ya tatu: mafuta ya mwarobaini mililita 5, sabuni ya maji mililita 2, maji lita 1, tikisa, pulizia chini ya majani. Rudia baada ya siku 5 na tena baada ya siku 5, kwa sababu mayai hayafi na yanaendelea kuanguliwa. Usipulizie mchana wa jua wala kwenye maua yaliyofunguka.

Ukiona kingo za majani zinapinda juu kama kijiko na chini kuna unga mweupe, ni ubwiriunga, na dawa yake ya kawaida ni salfa ya kuyeyusha, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Lakini salfa na mafuta ya mwarobaini yaachane wiki mbili, yakikutana majani yanaungua.

Tunda lenye manyoya ya kijivu lichume na ulitoe nje kabisa, usiliache chini ya ndoo. Tandaza nyasi kavu ili matunda yasiguse udongo, mwagilia asubuhi na chini ya majani.

#19 Tabata_Mjini

Kuna anayejua karakara (pasheni) kwenye pipa? Yangu inachanua sana, maua yanadondoka.

#20 Pwani_Forosadi

Mkuu, ya njano au ya zambarau? Kwa Dar bila shaka ni ya njano, maana ya zambarau ni ya nyanda za juu. Karakara ya njano haijichavushi: chavua ya mche ule ule haikubaliki. Lazima uwe na miche miwili iliyotoka kwenye mbegu tofauti. Ukipanda pingili mbili za mama mmoja, ni mche mmoja huo.

Tena ua la njano hufunguka kuanzia mchana, saa sita hivi, na kufunga usiku. La zambarau hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya mchana. Anayejaribu kuchavusha la njano saa mbili asubuhi anahangaika bure. Saa nane mchana, chukua pamba, gusa chavua ya mche wa kwanza, paka kwenye vile vichwa vitatu vya juu vya ua la mche wa pili, kisha kinyume chake. Kazi hiyo hufanywa na nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Ukiwaona kwenye kenchi usiwaue.

Pipa liwe lita 60 kwenda juu, na waya au kamba ya urefu wa mita 3.

#21 MjukuuWaKiambu

Na kwa wa nyanda za juu, nunua pasheni ya zambarau iliyobebeshwa kwenye shina la njano. Shina la njano linahimili mnyauko wa fusari ulioua mashamba mengi. Kwenye ndoo, ile sehemu ya kubebeshea ikae sentimita 15 juu ya udongo, na matandazo yasiifikie. Matunda yakitoka magumu kama mbao na majani yana madoa ya njano, hayo ni virusi vinavyobebwa na vidukari, hakuna dawa, ng'oa. Na mkasi uutie jiki kabla ya kukata mche mwingine.

#22 Ngoma_Kijani

Wakuu, kuna mtu mtandaoni anauza mbegu za stroberi za bluu na bluberi. Zinafaa?

#23 KibarazaKijani

Stroberi ya bluu haipo duniani. Picha imepakwa rangi. Na hata mbegu za stroberi nyekundu kutoka kwenye tunda la dukani hazizai kama mama yake, kwa sababu ni chotara. Nunua kitoto cha kitambaazi.

Bluberi ipo, ila inataka pH ya 4.5 hadi 5.5, na si kila udongo wetu una uchachu huo. Dalili ya kwamba umekosea ni majani machanga kuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani: chuma kipo kwenye udongo, mche hauwezi kukinywa. Chungu cha lita 40, maganda ya msonobari yaliyooza sehemu 2, vumbi la makumbi lililooshwa sehemu 1, maji ya mvua tu. Machicha ya kahawa iliyokwisha kuchujwa hayashushi pH kama wanavyosema, karibu hayana uchachu tena. Mbolea yake ni SA (salfeti ya amonia), kwa sababu bluberi inapenda naitrojeni ya amonia na SA inazidi kuchachusha udongo. CAN (naitreti ya kalsiamu na amonia) ina chokaa, itakurudisha ulikotoka. Nunua miche ya aina zisizohitaji baridi nyingi, miwili tofauti, na uwe na karatasi za kupimia pH.

#24 NdooLita20

Swali la mwisho kwangu: udongo wa ndoo ya stroberi iliyokufa, unatumika tena?

#25 Mbegu_na_Udongo

Kwanza chana kitovu cha mche uliokufa kwa kisu, katikati, urefu. Kikiwa cheupe ndani, alikufa kwa kiu, joto au chumvi. Osha udongo kwa maji ya mvua kama nilivyomwandikia Tabata_Mjini, ongeza theluthi moja ya mboji mpya, panda tena. Kikiwa na wekundu wa kahawia ndani, ni ukungu wa mizizi au wa kitovu. Udongo huo mwage kwenye mgomba, osha ndoo kwa jiki kikombe kimoja kwa maji lita 10, iache dakika 20, suuza, ianike juani siku mbili. Na miche iliyokuwa jirani na hiyo ndoo, usichukue vitoto kwake.

#26 NdooLita20

Nimechana miwili. Mmoja mweupe, mmoja una wekundu. Naanza kuzitenganisha ndoo leo hii.